Kiharusi: Maradhi Yaliyofundishwa Kuwa Hayapo

Maradhi huwa na majina mengi, na kila jina hueleza fikira ya watu waliolitoa. Katika pwani ya Tanga, mtu aliyelala mzima akaamka upande mmoja wa mwili haumtii, mdomo umekwenda kando na ulimi umekuwa mzito, husemwa kuwa amepooza, au amepatwa na kiharusi, au amepigwa na upepo. Neno la kwanza laeleza hali ya viungo. La pili ni jina la maradhi yenyewe. La tatu lamtaja anayedhaniwa kuyaleta. Maneno hayo matatu yangali hai katika vinywa vya watu wa Pangani, na mtu mmoja aweza kuyatumia yote kwa siku moja bila ya kuona kuwa yapingana.

Kusudi la makala haya si kueleza tiba ya kiharusi, maana hiyo ni kazi ya matabibu. Ni kuchungua historia ya elimu yake: mwuguzi na tabibu wa Afrika Mashariki walifundishwa nini juu ya maradhi haya, na mafundisho hayo yalimletea mgonjwa faida gani au hasara gani. Nitaonyesha kuwa kwa muda mrefu matabibu wetu walirithi mafundisho mawili yasiyo ya kweli. La kwanza lilisema kuwa maradhi haya hayapo kwa Mwafrika. La pili lilisema kuwa, hata yakiwapo, hakuna la kufanya. Yote mawili yamekwisha kanushwa kwa hesabu; lakini fundisho lililokanushwa vitabuni laweza kudumu miaka mingi katika wodi, na anayelipia deni lake ni mgonjwa.

Yafaa tuanze na pwani kabla ya hospitali. Hapana shaka kuwa watu wa pwani waliyajua maradhi haya zamani, kwa kuwa hakuna watu wanaokipa jina kitu wasichokijua. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilipigwa chapa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903, alieleza kwa urefu habari za pepo, za waganga na za ngoma walizochezewa wagonjwa. Katika fikira hiyo mwili ni nyumba, na ugonjwa wa ghafula ni mgeni aliyeingia bila ya kubisha hodi. Kiharusi chafaa mno kuelezwa hivyo. Hakitangulizi homa wala kikohozi. Humkuta mtu shambani, chomboni au msikitini, na kumwangusha kwa dakika moja. Aliyesema kuwa mtu huyo amepigwa hakuwa mjinga. Alieleza kwa usahihi alichokiona, akakosea juu ya aliyepiga.

Elimu ya tiba ya Kiarabu, iliyofika pwani pamoja na dini na biashara, nayo ilikuwa na maneno yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika habari za sakta, neno lenye asili ya kunyamaza, kwa maana ya mtu aliyezimika ghafula asiseme wala kusogea. Na habari za falij, yaani kupooza kwa nusu ya mwili. Yeye alitafuta chanzo ndani ya ubongo, si nje ya mwili. Lakini elimu hiyo, kama ile ya Wayunani iliyoitangulia, ilikuwa na huzuni ndani yake. Tangu zama za Hippocrates matabibu walikubaliana kuwa kiharusi kikali hakiponyeki, na chepesi ni kazi nzito kukiponya. Hata Johann Jakob Wepfer wa Uswisi alipoonyesha mwaka 1658, kwa kuwapasua maiti, kuwa katika baadhi ya wagonjwa hawa damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo, maarifa yakaongezeka lakini matumaini yakabaki pale pale. Hapo ndipo lilipozaliwa fundisho la pili kati ya yale mawili niliyoyataja, na lilikuwa fundisho la dunia nzima. Lile la kwanza lilizaliwa kwetu.

Pangani iliingia katika utawala wa Wajerumani kwa nguvu, baada ya vita vya Abushiri vilivyoanza mwaka 1888 na kuisha kwa Abushiri mwenyewe kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Miaka minne baadaye, mwaka 1893, Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 ilisalimika 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Miche hiyo michache ilibadili maisha ya jimbo zima la Tanga. Watu walitoka mbali wakaja kufanya kazi ya mkataba. Mtu aliyekula alicholima akaanza kula alichopimiwa. Na aliyeishi kati ya ndugu zake akaishi kambini kati ya wageni. Nayataja mambo haya kwa sababu ndiyo aina ya mabadiliko ambayo, kama tutakavyoona, hupandisha shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha. Na presha ndiyo mama wa kiharusi.

Hospitali za wakoloni, za Wajerumani na kisha za Waingereza, hazikujengwa kwa ajili ya presha. Zilijengwa kwa hofu ya malaria, ndui, tauni na malale, na kwa haja ya kuwaweka vibarua katika afya ya kufanya kazi. Hilo si la kushangaza, kwa kuwa maradhi hayo yaliua watu wengi. Jambo la kushangaza ni kwamba kutoyatafuta maradhi mengine kuligeuka kuwa ushahidi wa kutokuwapo kwake.

Mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini katika Kenya, alitoa makala katika jarida la Lancet la London. Alikuwa amepima shinikizo la damu la Waafrika wapatao 1,000, akaona kuwa halikupanda kwa uzee kama lilivyopanda kwa Wazungu. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini hakumwona hata mmoja mwenye maradhi ya presha. Haifai kumshutumu Donnison kwa uongo. Huenda alichokipima kilikuwa kweli kwa watu wa mahali pale na wakati ule. Kosa lilikuwa la waliomsoma, kwa kuwa habari ya watu wa wilaya moja ilifanywa kuwa tabia ya bara zima. Ikawa kwamba mtu wa Kisii aliyepimwa mwaka 1929 amekwisha kumtolea ushahidi mvuvi wa Pangani ambaye hakupimwa kamwe.

Fundisho hili liliingia darasani. Kabla ya Dar es Salaam kupata shule yake ya udaktari mwaka 1963, madaktari wa Tanganyika waliosomea Afrika Mashariki walisomea Makerere na kujifunza kazi katika hospitali ya Mulago. Mmoja wa walimu wakubwa huko alikuwa Hugh Trowell, aliyekuja Kenya mwaka 1929 na baadaye akahamia Uganda. Trowell alikuwa mtu mwenye macho mawili: aliona yasiyokuwapo, na aliona yalipoanza kuwapo. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa la nadra hata likastahili makala ya peke yake. Mwaka 1980, katika uzee wake, alichapisha makala yaliyofuata safari ya Wakenya na Waganda toka 1928 hadi 1978, kutoka hali ya kutokuwa na presha mpaka hali ya kuwa nayo. Kwa hiyo mwalimu aliyeshuhudia fundisho likisemwa aliishi kuliona likikanushwa. Lakini wanafunzi walikuwa wamekwisha tawanyika katika wilaya, kila mmoja na daftari lake.

Hasara ya fundisho hili haikuwa katika fikira tu. Tabibu aliyeambiwa kuwa maradhi fulani hayapo hayatafuti, asiyeyatafuta hayaandiki, yasipoandikwa hayaombewi dawa wala mashine ya kupimia, na mwisho daftari tupu hurudi mezani kuthibitisha kuwa maradhi hayapo. Duara hili lilizunguka miaka mingi. Wakati huo mtu wa Pangani aliendelea kuanguka, na jamaa zake waliendelea kumpeleka kwa mtu pekee aliyekuwa na neno la kumweleza, naye ni mganga wa pepo. Watu wengi wamewalaumu wazee wa pwani kwa kung'ang'ania mapepo. Ni haki kuuliza pia hospitali iliwapa maelezo gani badala yake.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati na vituo vya afya vilienea vijijini. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Masomo yake yalihusu maradhi kama malaria, kichocho na kifua kikuu. Presha haikuwa na zamu. Hata hivyo kampeni ile ni hazina kubwa katika historia ninayoieleza, kwa kuwa ilithibitisha jambo moja: elimu ya afya yaweza kufundishwa kwa Kiswahili, kutoka kwa wachache kwenda kwa wengi, na watu wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa sababu wameelewa.

Duara lile la daftari tupu lilivunjwa na watu waliokwenda nyumba kwa nyumba. Mwaka 1990 Poulter na wenzake walieleza jinsi walivyowafuata Wajaluo waliohama kutoka mashambani kwenda Nairobi, wakaona shinikizo la damu likipanda upesi baada ya kuhama. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni chumvi, chakula, uzito na namna ya maisha. Katika Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 juu ya watu wa Dar es Salaam na wa Kilimanjaro ulionyesha kuwa kati ya watu wenye presha, waliojua kuwa wanayo hawakufika mmoja katika watano. Waliopata dawa walikuwa kama mmoja katika kumi. Na ambao presha yao ilikuwa imetulizwa hawakufika mmoja katika mia.

Kisha kikahesabiwa kiharusi chenyewe. Kati ya mwaka 2003 na 2006 Richard Walker na wenzake waliandika kila kiharusi kipya walichokipata katika vijiji vya Hai na katika sehemu moja ya Dar es Salaam. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na viharusi 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Hesabu hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko za nchi nyingi tajiri. Maradhi yaliyosemwa kuwa hayapo yalikuwapo, tena kwa wingi.

Pangani haikuwamo katika hesabu hiyo, lakini si mgeni kwayo. Maji ya Kikuletwa yanayopita Hai ndiyo yanayoshuka hadi kuwa mto Pangani na kuingia baharini mbele ya mji. Katika maisha Pangani imesimama kati ya sehemu mbili zilizohesabiwa: kwa ukubwa ni kama Hai, kwa mapokeo ni ndugu wa Dar es Salaam. Na habari ya mapokeo si ndogo. Mwaka 2008 Mshana na wenzake walieleza kuwa watu wa Hai walitaja zaidi sababu za mwili, kama presha na mafuta, lakini wengi wa Dar es Salaam walitaja mashetani na uchawi. Waliokaa karibu na hospitali kubwa kuliko zote nchini ndio waliosema upepo. Kwa hiyo ukaribu wa jengo si ukaribu wa elimu, na mwuguzi wa pwani yampasa ajue atakutana na fikira gani mlangoni.

Sasa tuligeukie fundisho la pili, lile la kukata tamaa. Hili nalo lilianguka katika zama zetu. Mwaka 1991 matabibu wa Trondheim, Norwei, walitoa habari za wagonjwa 220 waliogawanywa kwa kura: nusu walilazwa katika wodi za kawaida, nusu katika wodi maalumu ya kiharusi, ambamo wauguzi, matabibu na walimu wa mazoezi ya viungo walifanya kazi kwa pamoja na kumwinua mgonjwa mapema. Baada ya majuma sita walikuwa wamekufa asilimia 17.3 ya wale wa wodi za kawaida, na asilimia 7.3 ya wale wa wodi maalumu. Hakukuwa na dawa mpya ya ajabu katika wodi hiyo. Kilichokuwapo ni watu waliofundishwa kazi moja na kuifanya kwa pamoja.

Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka Australia mwaka 2011. Katika wodi 19 za New South Wales, baadhi ya wauguzi walifundishwa mambo matatu tu: kuiangalia na kuishusha homa, kuiangalia na kuituliza sukari ya damu, na kupima kama mgonjwa aweza kumeza kabla ya kumpa chochote. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki wakimtegemea mtu mwingine walikuwa asilimia 42 katika wodi zilizofundishwa, na asilimia 58 katika zile ambazo hazikufundishwa. Msomaji na aipime tofauti hiyo, kisha aihesabu gharama yake: kipimajoto, kipimo cha sukari, kijiko, na akili ya mwuguzi.

Hapa ndipo ninapoiona maana ya historia hii kwa Pangani. Husemwa mara nyingi kuwa kiharusi ni maradhi ya hospitali kubwa. Neno hilo lina ukweli wake. Hakuna tabibu awezaye kujua kwa macho tu kama damu imevuja au imeganda ubongoni. Hilo hujulikana kwa picha, na picha za namna hiyo zilianza kupigwa Uingereza mwaka 1971 kwa mashine ya Hounsfield. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, iliyothibitishwa mwaka 1995, yataka itolewe katika saa tatu, au saa nne na nusu kwa utafiti wa mwaka 2008, tena baada ya picha. Zahanati ya kijiji haina mambo hayo. Lakini kutoka katika ukweli huo wengine huruka na kusema kuwa zahanati haina kazi. Huko ni kulirudia lile fundisho la pili kwa maneno mapya.

Tazama yanayotokea nyumbani. Mgonjwa amelala, hajala tangu asubuhi, na huruma ya jamaa humwandalia uji. Mama mtu mzima anamwinua kichwa na kumnywesha kijiko kwa kijiko. Koo iliyopooza haiwezi kuufunga mlango wa pumzi. Uji huingia mapafuni, na baada ya siku chache mgonjwa hufa kwa homa ya mapafu. Jamaa husema upepo umemmaliza, ilhali kilichommaliza ni chakula kilichotolewa kwa mapenzi. Mwuguzi aliyefundishwa kumketisha mgonjwa wima, kumpa maji kidogo kidogo kwa kijiko, na kuangalia kama atakohoa au sauti itakuwa ya majimaji, aweza kukizuia kifo hicho. Kadhalika aliyefundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache humwepusha na vidonda vya mgongo. Na mganga mfawidhi apimaye presha ya kila mtu mzima aingiaye zahanati, hata aliyekuja kwa jipu, huenda akamwokoa mtu na kiharusi ambacho hakitaandikwa popote kwa sababu hakikutokea.

Elimu pia ni kusahau. Zamani katika nchi nyingi mgonjwa mwenye presha ya juu alipasuliwa kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili presha ishuke mara moja. Mwaka 1996 matabibu wa Marekani walionya kuwa jambo hilo lina hatari, kwa kuwa presha ikianguka ghafula hukata damu inayokwenda ubongoni na moyoni. Aliyehitimu kabla ya hapo na asifundishwe tena hutenda madhara kwa nia njema na kwa uhodari. Kwa hiyo mafunzo ya kiharusi hayawezi kuwa cheti cha mara moja.

Katika jambo hili sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu. Mwaka 1998 matabibu wa Newcastle, Uingereza, waliwatengenezea watumishi wa gari la wagonjwa kipimo kifupi cha uso, mkono na kauli, wakakipa jina ambalo kwa lugha yao lina maana ya haraka. Jina hilo halina nguvu kwa mtu wa Kipumbwi. Kiswahili kina maneno yake mafupi: uso, mkono, kauli, saa. Uso umekwenda kando? Mkono mmoja umeanguka? Kauli imevurugika? Basi tazama saa, na safari ianze. Neno saa lastahili mkazo wa pekee. Kwa vizazi vingi mtu wa Kipumbwi au Mkwaja hakufika mjini Pangani bila ya kuvuka mto kwa chombo, na toka Pangani mpaka Bombo huko Tanga ni safari nyingine. Barabara nzuri na daraja hufupisha safari, lakini havirudishi saa zilizopotea nyumbani kabla ya safari kuanza.

Wala simshauri mwuguzi aanze kazi yake kwa kuutukana upepo. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi hutumia tiba zote mbili. Jamaa anayedhihakiwa huondoka na mgonjwa wake. Heri aambiwe hivi: jina mtakalompa aliyepiga ni lenu, lakini jeraha liko ndani ya ubongo, na jeraha lataka hospitali leo, dua na isomwe njiani. Na mganga wa kienyeji aliyeelezwa kwa heshima aweza kuwa wa kwanza kusema kuwa mgonjwa huyu si wangu, mpelekeni upesi. Mtu huyo naye ni mwanafunzi wa elimu hii, ingawa hakusajiliwa chuoni.

Fundisho la kwanza lilidumu kwa sababu hakuna aliyehesabu, na la pili lilidumu kwa sababu hakuna aliyejaribu. Sasa hesabu ipo, na jaribio lipo. Kilichobaki ni kuyafikisha maarifa hayo mpaka kwa mwuguzi wa zamu ya usiku, kwa lugha anayoiwazia, ili atakapoletewa mtu asiyeweza kusema, yeye aweze kusema kwa niaba yake: msimnyweshe kwanza.